SSI wametukataa: mtoto wetu kiziwi atatibiwaje?

*Swali: Shikamoo. Tuko Marekani mwaka wa nne sasa. Binti yetu wa mwisho alizaliwa hapa, ana miaka 2 na miezi 7, na mwezi Januari tumeambiwa ni kiziwi masikio yote mawili. Tuliomba SSI, barua imekuja, tumekataliwa kwa sababu ya kipato. Mume wangu anafanya kazi ghalani, na ovataimu juu. Mimi niko nyumbani na watoto 3. Bima ya kazini kwake hailipi mashine za masikio, na kliniki wametuandikia dola 5,200 kwa jozi. Kuna bili nyingine ya hospitali, ya vipimo. Dada mmoja wa kanisani ameniambia tutengane kwenye karatasi ili mtoto apate. Picha za barua na za kipimo nimekutumia. Tufanyeje?*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa miezi hii mitatu.

Kabla ya SSI nikuulize jambo moja ambalo hukuliandika: mtoto mlimwombea Medicaid? Nadhani hapana. Familia nyingi ninazokaa nazo mezani huamini kwamba SSI na Medicaid ni kitu kimoja, kwa sababu katika majimbo mengi anayepata SSI hupewa Medicaid papo hapo. Basi SSI ikikataa, watu hukunja barua na kusema serikali imekataa. Siyo. SSI ni fedha za mwezi za mlemavu mwenye kipato kidogo, na inaamuliwa na Social Security, ofisi ya serikali kuu. Medicaid ni bima ya matibabu, inaamuliwa na jimbo, kwa hesabu nyingine kabisa. Mlichokataliwa ni posho. Matibabu ya binti yako bado hamjayaomba popote.

Hesabu ya Medicaid kwa watoto ni laini kuliko ya watu wazima. Familia ambayo baba na mama wamekosa, watoto wao mara nyingi wanapita. Hawaangalii akiba yenu benki, hawaulizi una magari mangapi. Wanaangalia kipato na idadi ya watu nyumbani, na ninyi ni 5. Kipato kikizidi kidogo, kuna CHIP, mpango ulioanzishwa 1997 kwa watoto wa wazazi wa aina yenu hasa: wanaofanya kazi, wanaolipa kodi, lakini hawawezi kubeba mzigo wa hospitali. Majimbo mengi hupokea watoto wa familia yenye kipato mara mbili ya mstari wa umaskini au zaidi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo dola 5,200 zinapokaa. Sheria ya Medicaid ina kipengele kinachoitwa EPSDT, kinachowahusu wote walio chini ya miaka 21. Kinalilazimu jimbo kulipia uchunguzi na tiba ya matatizo ya kusikia ya mtoto, na mashine za kusikia zimetajwa kwa jina ndani ya sheria yenyewe. Jimbo linaweza kumnyima mashine babu wa miaka 70. Mtoto wa miaka 2 haliwezi, mradi daktari ameandika kwamba anazihitaji. Ukiambiwa dirishani kwamba Medicaid hailipi mashine za masikio, mara nyingi huyo anayekujibu anasoma kanuni za watu wazima. Mwambie mtoto yuko chini ya miaka 21, taja EPSDT, na omba jibu kwa maandishi.

Kuwa na bima ya kazini hakumzuii mtoto kupata Medicaid. Zinakaa pamoja, ya kazini inalipa kwanza na Medicaid inafuata. CHIP ni tofauti: kwa kawaida haimpokei mtoto aliye tayari na bima nyingine, na ile inayosimamiwa peke yake haibanwi na EPSDT, kwa hiyo ukielekezwa huko uliza waziwazi kama mashine za kusikia zimo. Tangu Januari 2024 mtoto akishapita kwenye Medicaid au CHIP anabaki humo miezi 12, hata baba akipata ovataimu ya Desemba. Na ukijaza fomu, usisahau kuuliza kuhusu bili za nyuma: Medicaid inaweza kulipa matibabu ya miezi michache kabla ya tarehe ya ombi, na huenda ile bili ya vipimo ikaingia humo.

Nirudi kwenye barua yenu ya SSI. Kukataliwa kuko kwa namna mbili, na dawa zake si moja. Kuna anayeambiwa mtoto wake si mlemavu kwa kiwango chao, na kuna anayeambiwa nyumba ina fedha nyingi. Ninyi ni wa pili, na maana yake ni kwamba karatasi za daktari huenda hata hazikufunguliwa. Wakikwama kwenye fedha hawaendelei.

Nimeangalia kile kipimo. Ile karatasi ya miraba ina viduara vyekundu, ambavyo ni sikio la kulia, na alama za X za buluu, ambazo ni la kushoto. Kadiri alama inavyoshuka chini ndivyo sauti inavyohitaji kuwa kubwa ili aisikie. Sikio lake lililo afadhali ni la kushoto. Namba kubwa ni wembamba wa sauti, na ndogo ni desibeli, yaani ukubwa wake. Kwenye 500 pana 50, kwenye 1000 pana 55, kwenye 2000 pana 55, kwenye 4000 pana 60. Jumlisha ni 220, gawa kwa 4 ni desibeli 55. Kigezo cha Social Security kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 5 ni wastani wa desibeli 50 au zaidi kwenye sikio lililo bora, akipimwa bila mashine. Binti yako amepita. Akitimiza miaka 5 kipimo kinakuwa kigumu zaidi: 70, au kushindwa kutambua maneno, au 50 pamoja na lugha iliyodorora sana. Kwa hiyo miaka hii miwili na ushee iliyobaki ndiyo yenye njia fupi, na hilo ni sababu ya kutoiacha SSI moja kwa moja.

Kilichowakwamisha ni mshahara, na hapo kuna mambo ya kukagua kabla ya kukubali. SSI inahesabu mwezi kwa mwezi, siyo mwaka. Anayelipwa kila wiki ana miezi yenye hundi 5, na anayelipwa kila baada ya wiki mbili ana miezi yenye hundi 3. Kama hundi za mume wako zilizotumika ni za mwezi wa aina hiyo, au wa ovataimu nzito, familia inaweza kukosa mwezi huo na kupata unaofuata. Angalia pia kama wale ndugu zake wawili wameandikwa. Kwa kila mtoto mwingine asiye mlemavu hupunguzwa kiasi fulani kwenye kipato cha baba kabla hakijahesabiwa kuwa cha binti. Nimewahi kuona barua ambayo mtoto mmoja wa nyumba hakuonekana kabisa kwenye hesabu, na hesabu iliporekebishwa, jibu nalo likabadilika.

Halafu kuna akiba. Wazazi wawili wanaruhusiwa dola 3,000, na mtoto dola 2,000, bila kuhesabu nyumba mnayoishi na gari moja. Wanaangalia kilichopo mwezi unapoanza. Mimi hapa huwa nauliza swali ambalo mfanyakazi wa dirishani hajui kuliuliza: mnacheza upatu? Zamu ikiangukia mwisho wa mwezi, dola 4,000 za watu zinalala kwenye akaunti yako, na kesho yake tarehe mosi unaonekana tajiri. Si dhambi kucheza. Lakini ukiulizwa ueleze, na uwe na ule ukurasa wa majina na tarehe, kwa sababu kompyuta yao inachoona ni namba tu.

Ukikuta kosa, unakata rufaa. Ukikuta hesabu yao ni sahihi kwa mwezi ule, rufaa haitakusaidia sana. Kipato kikishuka unaomba upya. Posho haianzi mpaka mwezi unaofuata ule ulioomba, kwa hiyo kila wiki ya kusitasita ina gharama yake. Na tafadhali usimlipe mtu fedha mkononi ili akusaidie na hili. Wakili halali wa kesi za namna hii hulipwa kwa idhini ya Social Security, kwa kawaida kwa kukatwa kwenye malimbikizo mkishinda. Msaada wa kisheria wa bure upo karibu kila mahali. Piga simu namba 211 uwaulize ofisi iliyo karibu nawe.

Kuna watakaokutajia mpango wa Katie Beckett. Katie alikuwa mtoto wa Cedar Rapids, Iowa, aliyekuwa akipumua kwa mashine. Medicaid ililipa akiwa hospitalini lakini isingelipa akirudi nyumbani, kwa sababu nyumbani kipato cha wazazi kilihesabiwa. Rais Reagan aliisema kesi hiyo hadharani mwaka 1981, na mwaka uliofuata sheria ikaruhusu majimbo kuangalia kipato cha mtoto peke yake. Mpango mzuri, lakini sharti lake ni kwamba mtoto awe anahitaji uangalizi wa kiwango cha hospitali au taasisi, na uziwi peke yake mara nyingi haufiki hapo. Kama binti ana ugonjwa mwingine, uliza. Kama hana, usipoteze miezi. Afadhali upige simu kwenye mpango wa jimbo wa watoto wenye mahitaji maalumu ya kiafya, ule wa Title V, ambao asili yake ni sheria ya 1935 na uko katika kila jimbo. Baadhi yake hulipia mashine za kusikia kwa familia zenye kipato kilichozidi kile cha Medicaid.

Bili ya hospitali iko peke yake. Angalia kama hospitali ile ni isiyo ya faida. Nyingi ni hivyo, hata zenye majengo ya vioo. Hizo zinatakiwa na sheria ya mwaka 2010 kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kusamehe au kupunguza bili kwa wenye kipato kidogo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kupeleka ombi. Ndani ya siku 120 za mwanzo hawaruhusiwi kukushtaki wala kukuharibia rekodi yako ya mikopo. Kwa hiyo usianze kulipa dola 50 kwa mwezi kwa aibu. Omba kwanza fomu ya msaada wa kifedha, na omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuijaza. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu lazima impate, hata kwa simu, bila kukutoza. Asifanye kazi hiyo mtoto wako mkubwa. Nimeona mtoto wa miaka 11 akimtafsiria mama yake maneno kuhusu uziwi wa mdogo wake, na sitaki kuona tena.

Bima ya kazini je? Omba ile barua ya kukataa kwa maandishi usome neno lililotumika. Wakisema haikuonekana kuwa lazima kitabibu, una siku 180 za kukata rufaa kwao, na wakishikilia msimamo unaweza kwenda kwa mkaguzi wa nje. Wakisema mashine hazimo kwenye mpango, mume wako aulize ofisi ya utumishi swali moja: je, kampuni inanunua bima au inajilipia yenyewe matibabu ya wafanyakazi? Majimbo mengi yana sheria inayozilazimisha bima kulipia mashine za watoto, lakini kampuni inayojilipia haiguswi na sheria ya jimbo. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kampuni kama hiyo inaweza kuamua yenyewe kukubali ombi la mfanyakazi, kwa sababu fedha ni zake. Barua fupi yenye kipimo cha mtoto imewahi kufanya kazi.

Nilichokiacha mpaka sasa ndicho kinachoniondolea usingizi, kwa sababu kina tarehe. Binti ana miaka 2 na miezi 7. Kila jimbo lina huduma za watoto wachanga na wadogo wenye ulemavu, chini ya IDEA, sheria ya serikali kuu ya elimu ya wenye ulemavu, kuanzia kuzaliwa hadi siku anapotimiza miaka 3. Tathmini ni bure kwa kila mtu, hata milionea, na wana siku 45 tu kuanzia ombi lenu linapowafikia kumtathmini na kukaa nanyi kupanga. Mwalimu wa watoto viziwi anaweza kuja sebuleni kwenu. Siku akitimiza miaka 3 jukumu linahamia kwa wilaya ya shule, na hapo elimu na huduma zinazoambatana nayo ni bure kabisa. Ukiingia sasa, watu wa huduma hizi za watoto wadogo ndio watakaokushika mkono mpaka kwa watu wa shule, na mpango wa shule unatakiwa uwe tayari siku anapotimiza miaka 3. Ukichelewa hadi zibaki chini ya siku 45, hawalazimiki hata kumtathmini. Huhitaji rufaa ya daktari. Mzazi anapiga simu mwenyewe.

Shule ikishaanza, mashine ya ziada inayoleta sauti ya mwalimu moja kwa moja masikioni inaweza kuandikwa kwenye mpango wake, na shule huinunua. Shule inatakiwa pia kuhakikisha mashine anazovaa akiwa pale zinafanya kazi. Sisitiza hili, kwani mtoto mdogo hawezi kukuambia betri imekwisha. Atakaa kimya tu, na mwalimu ataandika kwamba ni mpole.

Huku ukisubiri hizi karatasi zote, muulize mtaalamu wa usikivu kuhusu benki ya mashine za kuazima. Majimbo mengi yana benki hiyo kwa watoto, na klabu za Lions katika maeneo mengi hukusanya mashine zilizotumika, huzitengeneza na kuzigawa. Mashine ya kuazima iliyorekebishwa kwa kipimo chake ni bora kuliko mpya itakayokuja baada ya miezi 8. Ila kile kipande laini kinachoingia sikioni hakiazimwi. Kinafinyangwa kwa sikio lake, na sikio la umri huu linakua haraka; ukisikia mashine inapiga mluzi kila akitabasamu au akilalia upande mmoja, kimeshakuwa kidogo. Kwa hiyo unapoomba fedha popote, omba na vipande hivyo na betri za mwaka, siyo mashine peke yake. Hapo ndipo familia hukwama: wamehangaikia elfu tano, halafu kifaa kinalala kabatini kwa kukosa kipande cha dola chache.

Usinunue zile mashine za dukani au za mtandaoni zinazouzwa bila cheti cha daktari. Zimeruhusiwa tangu Oktoba 2022 kwa watu wa miaka 18 na kuendelea tu. Hazipimwi kwa sikio la mtoto, na sauti yake inaweza kumuumiza.

Kitu kimoja hakihitaji kibali cha mtu. Anza lugha ya alama leo, nyumba nzima, hata kama mnatarajia mashine au kipandikizi cha sikioni baadaye. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wengi wao wasiojua alama hata moja, kwa hiyo hamko peke yenu katika kuanzia sifuri. Chuo Kikuu cha Gallaudet kule Washington, cha viziwi tangu 1864, kina masomo ya kuanzia ya bure mtandaoni. Alama 5 kwa wiki: maziwa, njoo, inauma, zaidi, imetosha. Na Kiswahili msikiache. Atakayekuambia lugha nyingi zitamchanganya, mshukuru uendelee.

Kuhusu kutengana kwenye karatasi: hapana. Kumwandikia Social Security kwamba baba haishi nyumbani na huku viatu vyake viko mlangoni ni udanganyifu. Watawadai kila dola waliyotoa, na kesi ya namna hiyo inaweza kuharibu maombi yenu ya uraia. Tena ni uongo usio na faida, maana Medicaid ya mtoto huenda mnaipata mkiwa wote 5 mezani. Huyo dada hana nia mbaya. Ameona barua ileile aliyopata yeye, naye hakuwa na wa kumuuliza.

Barua yenu ina tarehe 3 Machi. Social Security huchukulia kwamba barua imekufikia siku 5 baadaye, yaani tarehe 8, na kutoka hapo una siku 60. Mwisho wenu ni tarehe 7 Mei. Tafuta kwanza hundi za mwezi waliouhesabu, uzihesabu kwa kidole. Kama kuna hitilafu, jaza fomu ya rufaa, SSA-561, na uipeleke mwenyewe ofisini badala ya kuituma kwa posta. Mkalimani wa Social Security naye ni bure, mwombe ukifika. Usiondoke dirishani mpaka wamekugongea mhuri wa tarehe kwenye nakala yako.